Dawa za mimea na mionzi: zinamlinda nani?



Waliowahi kufika huku Newtown, Johannesburg, wanalijua lile jengo la soko la mboga na matunda la mwaka 1913, ambalo sasa lina Market Theatre na makumbusho ya Museum Africa. Jirani yake, ndani ya karakana ya zamani ya umeme, kuna kituo cha sayansi cha Sci-Bono wanakopelekwa watoto wa shule. Ukitembea kidogo kuelekea Mtaa wa Diagonal, mtaa ambao kwa miaka mingi umejulikana kwa dawa za asili, unaanza kusikia harufu ya mizizi na magome. Yaani sayansi na miti shamba ni majirani kabisa, ila sijui kama huwa wanaamkiana.

Nayaandika haya kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Alikuja kutoka Tanga kutibiwa saratani ya titi, akafikia kwangu. Baada ya upasuaji alipangiwa mionzi mara 25, siku tano kwa wiki. Wiki ya pili akaniwekea mfuko mezani. Ndani mlikuwa na vidonge vya manjano alivyoletewa na rafiki, majani makavu ya kivumbasi aliyotumiwa na shangazi kutoka nyumbani, na pakiti ya chai ya rooibos ya hapa hapa. Akasema, "Mdogo wangu, wewe ndiye daktari wetu. Wanasema hivi vinakinga mwili na mionzi. Ninywe au nisinywe?"

Sasa mimi ni daktari wa makaratasi. Shahada yangu niliyoifuata Ulaya ni ya kemia ya mimea, sijawahi kumtibu mtu. Lakini swali lilikuwa limefika mlangoni kwangu. Niliomba siku mbili nisome, na niliyoyakuta naomba niwaelezeni hapa, maana najua wengi wenu mnapigiwa simu za namna hii kutoka nyumbani.

Kwanza, mionzi inafanya nini? Mwale wa eksirei ukipita mwilini unang'oa elektroni. Mara chache unaipiga DNA moja kwa moja. Mara nyingi zaidi unayapiga maji, kwa sababu sehemu kubwa ya seli ni maji. Maji yakivunjika hutoa kitu kinachoitwa radikali ya haidroksili, molekuli ndogo yenye njaa ya elektroni, ambayo huinyakua kwa jirani yeyote atakayekutana naye. Jirani huyo akiwa ni DNA, uzi unakatika. Takriban theluthi mbili ya madhara ya eksirei kwa DNA hutokana na njia hii ya maji.

Hapo ndipo wazo la kinga linapozaliwa. Ukiweka karibu na DNA kitu kingine kilicho tayari kutoa elektroni yake, yule mwenye njaa atashiba huko. Vitu vya namna hiyo tunaviita antioksidanti, na mimea imejaa navyo, kwa kuwa yenyewe inashinda juani na lazima ijikinge.

Lakini tazameni muda. Radikali hiyo huishi kama sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na haisafiri mbali. Kwa hiyo mlinzi lazima awe amekwishafika, ndani ya seli, kwa wingi, kabla mashine haijawashwa. Hili lilionekana mapema. Mwaka 1949 Harvey Patt na wenzake huko Marekani waliwapa panya sisteini, asidi amino ya kawaida, kabla ya kuwapiga eksirei, na wengi zaidi wakapona. Walipowapa baada ya mionzi haikusaidia. Mtu anayekunywa dawa jioni ili kusafisha mionzi ya asubuhi anafika msibani watu wamekwishazika.

Basi nikaufungua mfuko wa dada, kimoja baada ya kingine.

Rooibos. Watafiti wa Japani katika miaka ya 1990 waliwanywesha panya chai hii kabla ya miale ya gama, wakakuta dalili za kukatika kwa kromosomu zimepungua. Walihusisha jambo hilo na flavonoidi, hasa luteolini. Ni kazi nzuri, lakini ni ya panya.

Kivumbasi. Ndugu yake wa India, tulsi, ni wa jenasi ile ile ya Ocimum. Bi Uma Devi na wenzake wa Manipal walitoa kwenye majani yake flavonoidi mbili, orientini na viseni, ambazo ziliwakinga panya waliopewa kabla ya mionzi. Tena panya.

Manjano. Hapa tunao watu. Mwaka 2013 watafiti wa Rochester, Marekani, walichapisha jaribio la wanawake 30 wenye saratani ya titi. Waliomeza kurkumini, kiini cha manjano, waliungua ngozi kidogo kuliko waliomeza vidonge vitupu. Habari ikaenea dunia nzima. Kisha mwaka 2018 likatoka jaribio kubwa la wagonjwa 686, na tofauti ya maana haikuonekana. Habari hiyo ya pili haikusafiri. Sababu moja inajulikana kwa kila mwanakemia: kurkumini hainyonywi vizuri tumboni, na kidogo kinachoingia kwenye damu hubadilishwa upesi na ini.

Nikatazama na za kupaka. Alovera, tunayoiita shubiri, ilishindanishwa na krimu ya kawaida huko Australia kwa wagonjwa 225, matokeo yakatoka mwaka 2002: krimu ya kawaida ndiyo iliyoshinda. Maua ya kalendula yalifanya vizuri zaidi. Katika jaribio la Lyon, Ufaransa, la mwaka 2004, kati ya wanawake 254, walioungua kwa kiwango cha kati au zaidi walikuwa asilimia 41 kwa waliopaka kalendula na asilimia 63 kwa waliopaka dawa nyingine. Kwa hiyo asije mtu akasema nimekuja kuitukana mimea. Mmea ukipimwa ukafaulu, tuuheshimu.

Sasa nafika kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Tuseme dawa ya kunywa inafanya kazi kweli. Inamlinda nani? Mionzi ya hospitali imekusudiwa kuua seli za saratani, na seli hizo nazo zinakunywa damu ile ile. Mlinzi asiyejua kumtofautisha mwenye nyumba na mwizi atawafungia mlango wote wawili.

Jeshi la Marekani lilitafuta mlinzi baada ya Vita Kuu ya Pili. Taasisi ya Walter Reed ilipima kemikali zaidi ya 4,000, na iliyong'ara ni amifostini. Hospitali zikaichukua kwa sababu maalumu: dawa hii huingia mwilini ikiwa imelala, na kinachoiamsha ni kimeng'enya kilicho kingi kwenye tishu nzima kuliko kwenye uvimbe. Ina ubaguzi, na safari hii ubaguzi ni sifa. Mwaka 1999 iliidhinishwa Marekani kupunguza ukavu wa mdomo kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo. Hudungwa mshipani dakika 15 hadi 30 kabla ya mionzi, na huleta kichefuchefu na kushusha presha. Mfuko wa dada yangu haukuwa na ubaguzi huo, au kama ulikuwa nao hakuna aliyeuonyesha.

Tena kuna onyo kutoka Quebec, Kanada. Wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo walipewa ama vitamini E, wengine pamoja na beta-karotini, ama vidonge vitupu. Matokeo ya mwaka 2005: waliopata vitamini zote mbili walipata madhara makali machache zaidi ya mionzi, lakini saratani ilielekea kurudi zaidi kwa waliopewa vitamini. Uchambuzi wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hasara hiyo ilikuwa kwa walioendelea kuvuta sigara wakati wa tiba. Vitamini si kivumbasi, nakubali. Ila swali ni lile lile.

Na mimea yenyewe haina upande. Paklitakseli, dawa iliyotokana na magome ya mti wa Marekani, huzifanya seli zidhurike zaidi na mionzi kwa kuzisimamisha katika hatua ya kugawanyika. Kurkumini nayo kwenye vyombo vya maabara imeripotiwa kukinga seli fulani na kudhoofisha nyingine. Kwa hiyo neno "asili" halituambii lolote kuhusu kazi ambayo kitu kitafanya.

Siku ya pili nilimjibu dada hivi: manjano ya kwenye mchuzi na kikombe cha rooibos baada ya chakula, endelea. Vidonge na kivumbasi cha kuchemsha viweke kabatini hadi siku ya 25 ipite. Na mfuko wote twende nao hospitali ukaonwe na daktari wako. Hakupenda hilo la mwisho. Alisema daktari atamcheka, atamwona mshamba. Ndugu zangu, hapa ndipo hatari ilipo: wagonjwa wetu wanaficha kwa kuogopa kuchekwa. Nilikwenda naye. Daktari hakucheka. Aliandika majina yote kwenye faili, akakubaliana nami.

Wiki ya nne ngozi ya kwapani ikabanduka. Usiku alikuwa akilala mkono juu ya mto, kimya. Akaniuliza tena, "Hata kidonge kimoja?" Nikasema hapana, dada. Sikuwa na ushahidi kwamba kidonge kingemdhuru, na sinao hadi leo. Nilichokuwa nacho ni kwamba ngozi ingepona, nayo ilipona wiki chache baada ya tiba kwisha, kwa krimu ya kawaida aliyopewa na nesi. Saratani ikirudi hatuna krimu yake.

Kwa hiyo mkipigiwa simu, ulizeni mambo matatu kabla ya kujibu. Kitu hiki kimepimwa kwa watu au kwa panya? Kinafika kwenye seli kabla ya mionzi? Na kinajua kumtofautisha mwenye nyumba na mwizi? Kisha mwambieni mgonjwa autoe mfuko wake mbele ya daktari, na ikiwezekana aende na mtu.

Madaktari wa saratani mlio humu, nilipokosea nisahihisheni.