Karibu Huanzia Mlangoni



Mgeni akipiga hodi tunaitika, "Karibu!" Lakini je, mlango wetu nao unasema karibu?

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za Tandale, Kigogo na Mwananyamala huwa matope tupu. Mgeni hufika miguu imechafuka. Anaona haya kukanyaga sakafu iliyofagiliwa. Mwenye nyumba naye anaona haya kumwambia afute miguu. Wote wawili wanataabika, kisa ni tambara tu la mlangoni.

Tambara hilo lina kazi mbili. Kwanza, linampa mgeni heshima yake. Pili, linalinda afya. Mvua ikizidi, vyoo vingine hufurika. Uchafu huchanganyika na matope, nasi tunauingiza ndani kwa miguu. Mtoto anayetambaa hushika sakafu, kisha hutia mkono mdomoni. Basi, kuhara huanzia hapo. Tukumbuke Agosti 2015, kipindupindu kilipozuka Kinondoni, kikaenea hata mikoa mingine.

Si lazima tununue. Chukua gunia kuukuu la katani. Lifue, lianike. Likunje mara mbili, kisha shona kingo zote kwa sindano kubwa ya magunia. Gunia la nailoni halifai. Halinyonyi maji, tena linateleza. Wazee wetu wataanguka.

Wenzetu wa pwani wana makumbi ya nazi. Kule Zanzibar, kina mama huyafukia ufukweni kwa miezi mingi mpaka yalainike. Kisha huyaponda, wakapata usumba wa kusokota kamba. Kamba hiyo ukiizungusha na kuishona, unapata kifuta miguu kigumu, kinachokwangua matope vizuri.

Lakini tuangalie! Tambara lililolowa na kunuka si karibu, ni karaha. Likung'ute kila asubuhi. Lifue mara kwa mara, lianike juani. Kando yake weka kopo la maji, maana matope mabichi hayatoki kwa kufuta tu. Na tusijidanganye: tambara halishiki nafasi ya choo bora, wala ya kunawa mikono kwa sabuni.

Akija mgeni, usimwamrishe kama mtoto. Toka nje umpokee. Futa wewe kwanza miguu yako, kisha sema, "Karibu shangazi, pita ndani." Ataona mwenyewe, atafuata.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, tuandae mlango, ili tupone kweli.