Albamu Ilipokuwa Kitabu cha Santuri

Vijana wetu wakitaja "albamu" hukusudia mkusanyo wa nyimbo za msanii mmoja. Wachache wajuao kuwa hapo zamani albamu ya santuri ilikuwa kitabu kizito chenye jalada gumu, ambacho kurasa zake zilikuwa mifuko ya karatasi, na ndani ya kila mfuko sahani moja.

Sababu yake ilikuwa ufupi wa sahani zenyewe. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, nazo zilitengenezwa kwa shelaki, yaani ute mgumu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Sahani ya inchi 10 ilichukua dakika tatu hivi kila upande. Ya inchi 12, dakika nne na ushei. Muziki mrefu ulilazimika kukatwa vipande. Mwaka 1909 kampuni ya Odeon ilitoa kazi ya Mrusi Tchaikovsky katika sahani nne zilizouzwa pamoja. Mwaka 1913 okestra ya Berlin, ikiongozwa na Arthur Nikisch, ilirekodi simfoni ya tano ya Beethoven, ikajaza pande nane.

Maduka ya Ulaya na Marekani yaliuza seti kamili, na pia albamu tupu ili mnunuzi apange humo sahani alizonunua moja moja. Kuanzia mwaka 1940, Alex Steinweiss wa kampuni ya Columbia alianza kuyapamba kwa picha majalada yaliyokuwa hayana urembo. Mwaka 1948 kampuni hiyo hiyo ikatoa sahani ya plastiki iliyochukua zaidi ya dakika 20 kila upande. Kitabu kikatoweka, jina likabaki.

Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, naye alibanwa na kipimo kile kile cha dakika chache. Sahani za zama zake zingalimo katika masanduku ya baadhi ya familia zetu, nazo huvunjika kama vigae.

Basi, ndugu wasomaji, mzihifadhipo zisimamisheni wima kama vitabu, wala msizilaze zikabebana. Msizipanguse kwa spiriti, kwani huyeyusha shelaki. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo chatosha. Msizipige kwa sindano ya sahani za plastiki, kwa kuwa mifereji yake ni mipana zaidi na ina sindano yake maalumu. Ikiwa sahani ni za seti moja, msizitenganishe wakati wa kugawana urithi.

La muhimu zaidi, waulizeni babu na bibi zenu ni nani aimbaye na sahani ilinunuliwa wapi. Andikeni majibu kwenye karatasi, mkaitie mfukoni pamoja na sahani. Maandishi ya lebo hufifia, na wazee waitambuao sauti ile wanazidi kupungua.