Sengu ya Wamatengo na Malezi ya Umri Wote

Ndugu zetu wengi wa Visiwani huijua Mbinga kwa kahawa yake tu, na pengine kwa baridi ya milima yake. Lakini iko mali nyingine katika milima ile isiyopimwa kwa mizani, nayo ni namna Wamatengo walivyomlea mtu tangu utoto hata uzee. Habari hiyo yawahusu wazazi wote, na yawahusu zaidi maofisa wa Serikali wenye kazi ya kupanga mipango ya watoto, ya vijana na ya wazee.

Katika karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma Wamatengo kukimbilia kwenye miteremko mikali, wakabanana mahali padogo. Mteremko ukilimwa ovyo, mvua huuchukua udongo wote. Hapo ndipo kilimo cha ngolo kilipopata nguvu. Mvua zinapokaribia kwisha, majani hukatwa na kulazwa katika mistari inayokatana mfano wa nyavu; kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufukia majani yale, likabaki shimo lililozungukwa na matuta. Maji hutuama shimoni badala ya kuteremka na udongo. Maharage hupandwa kwanza juu ya matuta, na mahindi hufuata baadaye. Kwa desturi wanaume hukata na kulaza majani. Wanawake huchimba, hufukia na kupanda.

Elimu hii hakuna aliyeipata kwa kuandikiwa ubaoni. Binti alichimba pembeni mwa mama yake. Kijana aliyelaza majani kombo aliyaona yakipangwa upya na baba yake. Lakini mkono peke yake haumlei mtu. Mahali pa kulelewa akili na tabia palikuwa sengu.

Sengu ilikuwa kikao cha ukoo. Babu, wanawe na wajukuu walikutana wakala pamoja chakula kilicholetwa kutoka nyumba zao. Pale kazi zilipangwa, ugomvi uliamuliwa, na watoto walifunzwa adabu. Mtoto aliyekuja kwa ajili ya chakula alisikia pia kwa nini mjomba wake ametozwa fidia. Kijana alijaribu kusema, akasahihishwa. Na mzee, ambaye nguvu za jembe zilikuwa zimemwishia, ndipo thamani yake ilipokuwa kubwa kuliko wakati wowote. Msomaji wa Unguja au Pemba atakumbuka chuo cha Kurani, ambako aliyefika juzuu ya Amma humsomesha aliyeanza alifu. Jambo ni lile lile: umri mmoja unaulea mwingine mahali pamoja, na mlezi naye anazidi kukomaa kwa kulea.

Tusiipambe sengu kupita kiasi. Mamlaka yake yalikuwa ya wanaume, ingawa sehemu nzito ya ngolo ilikuwa mikononi mwa wanawake. Hatutaki jambo hilo lirudi.

Ukiteremka hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Liuli na Mbamba Bay, sehemu iliyotengwa na Mbinga mwaka 2012 ikawa Wilaya ya Nyasa, utakuta malezi ya namna nyingine. Ngoma ya mganda ilichipuka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikiiga gwaride za askari na bendi zao. Watu wakaichukua ile nidhamu ya mkoloni wakaifanya yao: mavazi safi, hatua moja, vyeo ndani ya ngoma, na mashindano baina ya kijiji na kijiji. Wanawake wakawa na chioda yao. Kijana hufunzwa humo kutii na kuongoza, na wageni kulishwa.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikumbusha kwamba mababu zetu hawakuwa na shule, lakini watoto wao walisoma kwa kuishi na kutenda. Taifa likajenga shule, na kufikia mwaka 1977 likaazimia kila mtoto apate elimu ya msingi. Hilo lilikuwa jema na la lazima. Ila fedha za kahawa zilikuwa zikimfanya kila mwenye nyumba ale kwake, na sengu ikafifia.

Leo Serikali inalea, lakini inalea kwa mafungu ya umri. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa mwaka 2021, kwa watoto wa hadi miaka 8. Katika asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwapa pensheni wazee wa miaka 70 na zaidi, jambo la kujivunia. Kila fungu ni zuri. Lakini mzee anaandikwa kama mpokeaji, wala haandikwi popote kama mwalimu.

Kindimba, wilayani Mbinga, walionyesha njia. Katika mradi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani, ulioanza mwaka 1999, wanakijiji walijenga kinu kinachosagisha kwa nguvu za maji, na kamati yao ikaitwa Sengu. Jina la zamani lilibebeshwa kazi mpya.

Basi ofisa wa maendeleo ya jamii anapoandika bajeti ya kituo cha malezi, na aweke humo fungu la wazee wa kijiji, wake kwa waume, wakae na watoto na vijana kwa siku zinazojulikana. Na mwalimu mkuu wa shule ya milimani aombe ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi wake shambani siku za kulaza majani ya ngolo. Kazi hiyo huja mara moja kwa mwaka, karibu na mwezi Machi, na wakati huo watoto wamo darasani.