Mji Unaokwenda Juu ya Maji

Mtu akisimama gatini Southampton, katika nchi ya Uingereza, na kuitazama merikebu iitwayo Queen Mary 2, hudhani anatazama jumba la ghorofa nyingi, wala si chombo cha bahari. Iliundwa Saint-Nazaire, katika Ufaransa, ikaanza kuchukua abiria mwezi wa Januari 2004. Urefu wake ni mita 345. Hata viwanja vitatu vya mpira vikiunganishwa ncha kwa ncha haviufikii. Huchukua abiria zaidi ya 2,600 na watumishi zaidi ya 1,200. Kazi yake iliyo maarufu ni kuvuka bahari ya Atlantiki mpaka New York, katika Marekani, safari ambayo kwa kawaida huchukua siku saba.

Siku hizo zote watu hao hawagusi nchi kavu. Huishije? Abiria hula, huogelea, husoma vitabu, husikiliza muziki, na kutembea sitahani. Hayo hayahitaji maneno mengi, maana kustarehe hakuna mafundisho makubwa. Tuyatazame yale ambayo abiria hawayaoni.

Kwanza ni maji. Merikebu imezungukwa na maji pande zote, wala hapana tone moja linalonyweka. Mabaharia wa zamani walichukua maji katika mapipa, nayo yalipooza au kwisha walipata taabu kuu. Siku hizi merikebu kubwa hujitengenezea maji yake. Mitambo inayoiendesha hutoa joto jingi, na joto hilo hupelekwa kwenye vyombo vya chuma vilivyotiwa maji ya bahari, ambavyo hewa yake imenyonywa nje. Ninyi mwajua ya kuwa maji ya sufuriani huchemka kwa joto la digrii 100. Lakini mahali palipopunguzwa hewa, maji huchemka kwa joto lililo dogo zaidi. Hivyo joto ambalo lingepotea bure hutosha kufanya kazi hiyo. Mvuke hupanda, chumvi hubaki chini. Na mvuke ukipozwa hugeuka kuwa maji matamu. Kisha hutiwa dawa na madini kidogo, ndipo yanywewe.

Jambo jingine huwashangaza wageni. Jua huchomoza mashariki kwanza, kwa hiyo saa za New York ziko nyuma ya saa za Southampton kwa saa tano. Merikebu ikielekea magharibi, saa zote chomboni hurudishwa nyuma, leo saa moja na siku nyingine saa moja, mpaka zimetimia tano. Basi katika safari hiyo mna siku tano zenye saa 25. Abiria hufurahi kuzidishiwa usingizi. Lakini wakati wa kurudi mambo hugeuka, nao hulipa deni lao lote.

Chini ya sitaha za abiria mna mji wa pili. Humo mna wapishi, madobi, mafundi wa umeme, waoka mikate na watu wa mitambo, waliotoka Ufilipino, India, na nchi nyingine nyingi. Wengi wao huandikwa kazi kwa miezi kadhaa bila kwenda kwao, nao hulala wawili wawili katika vyumba vidogo visivyo na dirisha. Mapatano ya kazi za baharini yaliyofanywa mwaka 2006 yanaagiza baharia apate kupumzika saa zisizopungua 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Fanyeni hesabu mwone zimebaki saa ngapi za kazi, nanyi mtajua kwa nini kule chini mtu husinzia mara tu anapogusa mto.

Usiku, wakati muziki unapolia sitahani, chumba cha usukani huwa giza. Taa huzimwa makusudi, ili macho ya wenye zamu yapate kuona mbali juu ya maji. Kila zamu huwa ya saa nne. Kisha wengine hushika mahali pao.

Watu wakae macho hivi kwa sababu gani? Tarehe 13 Januari 2012, merikebu Costa Concordia, iliyokuwa na watu zaidi ya 4,200, ilipita karibu mno na kisiwa cha Giglio, katika Italia, ikapigwa na mwamba ubavuni, ikalala upande. Watu 32 wakafa. Miongoni mwa abiria walikuwako mamia walioingia jioni ile ile, nao walikuwa hawajafundishwa bado waende wapi hatari ikitokea. Maana sheria ya wakati ule iliruhusu mafundisho hayo yangoje hata saa 24. Sheria ikabadilishwa. Tangu mwaka 2015 abiria wapya sharti wafundishwe kabla merikebu haijang'oa nanga, au mara inapoondoka.

Ndiyo sababu kila abiria huonyeshwa jinsi ya kuvaa jaketi la kuelea na mahali pa kukutania. Husikilizishwa pia mlio wa hatari: honi hulia mara saba kwa kifupi, na mara ya nane kwa kirefu.