Duka ya Gita Ndio Base

Uliza msee yeyote wa gita Jumamosi yake huishianga wapi. Atakushow aliingia tao kununua nyuzi. Kununua nyuzi ni kitu ya dakika tano, lakini huyu msee aliingia hapo saa nne asubuhi na saa nane bado ako, amekalia kastuli kwa kona, ameshika gita ya bei yenye hata hathubutu kuuliza, na mwenye duka hajamsumbua. Mathe akipiga simu anaambiwa "niko njiani". Wasanii wa nyuzi wako hivo dunia mzima, na mi natetea hio tabia na roho safi, juu hio duka ndio shule yetu, ndio kliniki, ndio base.

Cheki hii. Kuna duka Santa Monica, California, kwa barabara ya Pico, inaitwa McCabe's Guitar Shop. Ilifunguliwa 1958 na Gerald McCabe, budaa mwenye wera yake ilikuwa kudizaini fanicha. Bibi yake ndio alikuwa mwimbaji wa folk, na mabeshte zake wakajua kwa ile keja kuna msee anaelewa mbao na gundi. Wakaanza kumletea magita zimepasuka. Duka ikatokea hapo. Baadaye iliendeshwa miaka mob na Bob Riskin, mtoi wa Fay Wray, yule staa wa filamu ya King Kong ya 1933. Mi naipendea venye ilianza: mkono ya fundi ilitangulia, meza ya kuuzia ikafuata.

Na hapo wacha nikae kidogo. Gita haimaliziki kutengenezwa siku unanunua. Ni mbao, na mbao husonga. Nyuzi sita za chuma huvuta shingo ya gita na nguvu ya zaidi ya kilo 60, usiku na mchana, hata ukiwa umedoz. Toa hio gita Nairobi uipeleke Mombasa, hewa ya huko imejaa maji, mbao inafura. Irudishe Nairobi Februari, kumekauka, inanywea. Mos mos shingo inapinda, nyuzi zinapanda, na kubonyeza inakuwa ngori. Sasa kuna mtoi ameanza juzi, vidole zinamchoma, anadhani Mungu alimnyima kipaji. Anauzia jirani hio gita bei ya hasara na anaachana na ngoma kabisa.

Kumbe ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma, ukichukua gita yoyote ya kawaida ya nyuzi za chuma. Fundi anasorora shingo na jicho moja vile fundi wa mjengo hucheki ukuta, anaingiza ufunguo, anazungusha kidogo tu, pengine robo. Anakwangua kale kamfupa nyuzi hupitia juu yake kule mwisho wa shingo. Anarudisha. Gita ni ile ile, vidole ni zile zile, lakini saa hii zinateleza. Mi huumia nikiwaza ni wasee wangapi mtaani waliacha gita juu hakuna mtu aliwahi kuwazungushia hio chuma. Hakuna mtu aliwaambia shida si wao.

Lakini kitu ilinifanya nipende McCabe's sana ni Elizabeth Cotten, wasee humwita Libba. Alizaliwa North Carolina miaka ya 1890. Akiwa mtoi tu alifanya kazi kwa nyumba za watu, senti 75 kwa mwezi, akaweka, akaenda duka akanunua gita yake ya kwanza, dola 3.75. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto na gita ilikuwa imefungwa nyuzi za mtu wa kulia. Akaigeuza juu chini na akaendelea. Vidole zikabeba besi, gumba ikaimba. Hakuna mwalimu angemfunza hio kitu, juu hakuna mwalimu alikuwa anaijua.

Baadaye kanisa na maisha zikamtoa kwa gita kwa miaka mob. Akiwa mtu mzima, akifanya wera kwa duka kubwa Washington, akapata katoi kamepotea kati ya wateja, akakarudisha kwa mathe yake. Hako katoi kalikuwa Peggy Seeger, na familia ya akina Seeger ilikuwa ngoma kutoka baba hadi kitinda mimba. Mathe akampatia kazi kwao. Nyumba imejaa vyombo, na gita iko hapo. Akaishika tena, na mkono ikakumbuka yote. Mike, bro wa Peggy, akamrekodi, na 1958 albamu ikatoka, Libba ashapita miaka 60.

Alafu 1969, Libba akapungukiwa na doh. Wasee wa McCabe's wakapanga shoo ndani ya duka, ya kumchangia. Shoo za McCabe's zilianza hivo. Kale kachumba ka nyuma kanabeba kama watu 150, na magita zimening'inia ukutani pande zote, lakini majina zimepita hapo ni nzito. Norman Blake alitoa albamu ya laivu ya hapo 1976, Nancy Wilson wa bendi ya Heart akatoa yake 1999. Libba mwenyewe alibeba Grammy 1985, umri ashagonga 90. Duka alinunulia gita, duka alipatia mtoi, duka alichangiwa: sijui msanii mwingine maisha yake ilipinda kwa milango za maduka hivo.

Hizo gita za ukutani pia ziko na mambo. Noti ikipigwa kwa nguvu ndani ya chumba, uzi wowote wenye umetyuniwa hio noti utatetemeka wenyewe, bila mtu kuugusa. Ni fizikia ya kawaida, lakini ukiisikia mara ya kwanza utasimama. Ingia duka yoyote ya magita kukiwa kumenyamaza, imba sauti moja ndefu, alafu nyamaza usikize ukuta.

Huku kwetu, shule ya gita imekuwa macho tangu kitambo. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Congo, yule mkusanyaji wa ngoma Hugh Tracey alirekodi 1952, alikuwa anachuna na gumba na kidole cha shahada, na besi na wimbo zinatoka pamoja mpaka unadhani wako wawili. Mwisho wa miaka ya 50 akaja Nairobi, na wapiga gita wa hapa wakamsorora vidole hadi zikawaingia. George Mukabi wa Magharibi alikuwa na yake, omutibo, gita ikitembea na chupa ya Fanta ikigongwa kando. Hao wasee hawakufungua kitabu. Walikaa karibu na mtu anajua, wakaangalia mkono. Duka ya gita leo ndio mahali imebaki ya kufanya hivo bila kulipa kiingilio: msee wa benga, dem wa kwaya na chali wa roki wamebanana kwa kona moja, na kila mtu anaibia mwenzake kitu.

Na kama si gita, unataka nyatiti ya Waluo, sahau stuli na kaunta. Unaishia kwa fundi mwenyewe, unakaa kwake, anakuangalia mikono, anakuuliza unataka kupiga wapi. Nyuzi ni nane. Zamani zilikuwa za kano za ng'ombe, siku hizi wengi hutumia nailoni ya kuvulia samaki. Utaondoka na nyatiti yenye inajua ni ya nani, na ikilegea utarudi kwa yule yule.

Najua simu inauza gita bei poa na inaletwa hadi mlangoni. Kwa kebo na stendi, sawa. Kwa gita, mi nakataa. Chukua mbili za modeli moja, kiwanda moja, ning'iniza kando kando: moja itakuwa na sauti, ingine itakuwa imenuna. Picha haiwezi kukuonyesha hio, na hakuna maoni ya wateja itakusaidia. Lazima mwili yako iguse hio mbao na iskie ikinguruma kwa kifua.

So ukiingia wikendi hii, beba yako, hata kama ni ile imekaa juu ya kabati tangu fom tuu. Nawa mikono. Chuma ya mshipi isikwaruze mgongo wa gita ya watu. Uliza kabla ya kutoa chochote ukutani, na kama kuna msee mwingine anajaribu, usimfunike na kelele, ngoja amalize. Fundi akitengeneza, mlipe hata kama ilichukua dakika mbili, juu hizo dakika mbili alizisomea miaka. Na ukitoka, nunua seti ya nyuzi hapo hapo hata kama umeona kwingine ni soo mbili chini. Fundi ako na kodi ya tarehe tano.