Maji ya Safari kwa Kinga

Katika vijia vya msituni huku Nyunzu huogopi motokaa. Lakini ukiisha kusukuma kinga yako mpaka juu ya kilima, koo limekauka, na bondeni kijito kinang'aa. Usinywe! Maji yanayopendeza macho yaweza kuwa na kipindupindu. Nyumbani chemsha maji mpaka yatokote, yapoe, uyafunge nyuma ya kinga katika chupa yenye kifuniko.

Tena, ukimleta mgonjwa wa kuhara juu ya kinga, usingoje kufika hospitali. Katika lita 1 ya maji hayo tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe. Maadamu yu macho, mnyweshe kidogo kidogo. Kila mwinuko, simama, mnyweshe tena.