Onyesha njia

Jumatano usiku binti yangu wa darasa la sita aliniletea daftari la Hisabati. Swali lilikuwa hili: Mama alikuwa na shilingi 20,000. Alitumia robo yake kununua unga, kisha nusu ya fedha iliyobaki akanunua mafuta. Alibaki na shilingi ngapi?

Chini yake binti ameandika jibu tupu: 5,000. Mwalimu ameweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu na kuandika, “Onyesha njia.”

Nilitamani nimtajie jibu tukalale. Hata hivyo nikamwambia, “Mwanangu, anza mwanzo. Robo ya 20,000?”

“5,000.”

“Imebaki ngapi?”

“15,000.”

“Sasa nusu yake.”

Akatulia, kisha akacheka. “Baba, kumbe nilichukua nusu ya 20,000!”

Akaandika 7,500, na ndilo jibu. Hatua yake ya kwanza ilikuwa sahihi tangu awali. Alikosea ya pili, na asingeliona kosa hilo bila kuziandika hatua zote.

Yeye alilala. Mimi usingizi ulinipaa. Miaka miwili iliyopita nilikopa fedha ya mbegu na mbolea kwa kaka yangu, nikaahidi kurudisha baada ya mavuno. Mavuno yakaja, ada za watoto zikaja, nikanyamaza. Tangu hapo tukikutana msibani tunasalimiana kwa mbali. Na kila Jumapili naomba, “Bwana, lete amani katika ukoo wetu.” Nataka jibu, njia sitaki.

Katika Mathayo 5:23-24 Yesu amezipanga hatua vizuri. Mtu amefika madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana kinyongo naye. Aiache sadaka pale pale, aende wapatane, ndipo arudi kuitoa. Mimi sadaka nimetoa, nyimbo nimeimba, maombi nimepeleka. Hatua ya kati ndiyo niliyoiruka. Msamaha wa Mungu ni bure, lakini deni la kaka yangu lina tarakimu.

Alhamisi asubuhi nilimpigia. “Shikamoo kaka.” Nikataja kiasi anachonidai, nikakiri kwamba nimekuwa nikimkwepa. Fedha yote sikuwa nayo. Nilimtumia kwa simu ile niliyokuwa nayo, tukakubaliana tarehe za kumalizia. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, “Watoto hawajambo?”

Hesabu haijaisha, ila sasa njia inaonekana.

Ndugu msomaji, kabla hujatoka kwenda ibadani leo, fungua daftari la maisha yako. Ukikuta alama nyekundu, usiling’oe karatasi. Rudi hatua kwa hatua mpaka pale ulipokosea. Pengine ni deni kama langu, pengine ni neno ulilomtamkia mwenzako nyumbani na hujalirudia kuliomba radhi.

Bwana, tupe ujasiri wa kurudi tulipokosea. Amina.

Jumapili njema.